Mifereji ya vita iliyokosa vita, na kwa nini bado ipo

Mwaka 1804 serikali ya Uingereza iliamua kumzuia Napoleon kwa mfereji. Ndio, mfereji. Jamaa alikuwa ameshakusanya jeshi lake pale Boulogne, ng'ambo tu ya bahari, siku ya anga safi ukisimama kwenye vilima vya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, unaiona Ufaransa kwa macho yako, na jibu la London likawa tuchimbe mtaro mrefu kama kilomita 45, uanzie Seabrook karibu na Folkestone uishie Cliff End karibu na Hastings, tuujaze maji halafu tukae nyuma yake na mizinga. Ukaisha Aprili 1809. Shida ni kwamba Napoleon alishaondoa jeshi lake Boulogne tangu Agosti 1805 akaenda kupigana na Waaustria huko bara, na Oktoba 21 mwaka huohuo meli za Ufaransa na Hispania zikapigwa vibaya na Waingereza kwenye vita vya baharini vya Trafalgar, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mfereji ilichimbwa wakati adui mwenyewe hana tena meli za kivita za kutosha kumlinda akivuka. Waziri Mkuu William Pitt aliyeusukuma mradi kwa nguvu zote alifariki Januari 1806, hata kuuona umeisha hakuuona. Gharama yote ilifika paundi 234,000, na paundi ya wakati ule si hii ya leo.

Watu walicheka. William Cobbett, mwandishi mmoja mwenye mdomo mchafu kweli, alipita huko 1823 akaukejeli, kwamba eti majeshi yaliyovuka mito mikubwa ya Rhine na Danube mara kibao ndio yazuiwe na kamfereji ka Pitt! Na mpaka leo stori ya Royal Military Canal (ndio jina lake rasmi) huwa inasimuliwa hivyohivyo, kama kichekesho cha hela ya walipakodi kutupwa kwenye tope, au kwa upande wa pili inasimuliwa na watu wa utalii kwa vibao vyenye picha za makoti mekundu ya askari wa Uingereza wa enzi zile na mizinga, ushujaa mtupu.

Mimi naona pande zote mbili zinakosea. Mifereji ya kijeshi ya zamani, huu wa Kent na mwenzake maarufu zaidi wa Kanada ambao nitaufikia, imetufikia ikiwa karibu nzima kwa sababu ilikosa vita kwanza, halafu ikakosa biashara, na katikati ya kufeli kote huko ikabaki na kazi moja ya kawaida isiyo na sifa, kuhamisha maji. Hiyo kazi ndio iliyoilinda. Sasa hivi watu wanaotaka kuihifadhi wanatumia nguvu nyingi kulinda kumbukumbu ya vita ambayo haikupiganwa, wakati kinachotakiwa kulindwa ni ile kazi.

Tuanze na Kent maana huko ndiko watu wanasema mradi ulikuwa wa kijinga. Romney Marsh ni tambarare, ardhi ya chini kabisa iliyoporwa baharini kidogokidogo kwa karne nyingi, kondoo kila mahali, na ufukwe wake ni mzuri sana kwa mtu anayetaka kushusha askari. Mpango wa mwanzo wa jeshi ulikuwa adui akija tu, fungua milango ya bahari, maji yaingie, zamisha tambarare yote. Kwenye karatasi safi. Ila kuzamisha eneo kubwa namna ile kunachukua siku nyingi, kwa hiyo uamuzi inabidi uufanye mapema kabla hujawa na uhakika kama adui anakuja kweli, na ikitokea tetesi za uongo umeshaua mashamba na malisho kwa maji ya chumvi, na wakulima watakaokudai fidia ni Waingereza wenzako. Septemba 1804 Luteni Kanali John Brown alikwenda kukagua huo mpango akaukataa, akasema kateni mfereji nyuma ya tambarare, chini ya vilima pale ambapo zamani palikuwa ufukwe wa bahari, tuifanye tambarare nzima kama kisiwa. Pitt akalikubali wazo hilo, na Oktoba 24 akaenda mwenyewe Dymchurch kuongea na wenye ardhi. Wakakubali faster, na kazi ikaanza Oktoba 30, siku sita baadaye.

Hebu fikiria, leo barabara tu ya kupita kwenye shamba la mtu inachukua miaka ya kesi. Hawa walikubali haraka kwa sababu walikuwa wameponea kuzamishwa, na pia kwa sababu walijua mfereji mkubwa nyuma ya mashamba yao utapokea maji ya kutoka vilimani wakati wa mvua na utayarudisha kiangazi wakati mitaro imekauka. Mwanajeshi aliona kizuizi cha kuzuia adui, mfugaji akaona mtaro wa maji wa bure. Yaani mfereji ulizaliwa na kazi mbili, na ile ya pili ndio haijawahi kusimama.

Ujenzi wenyewe ulikuwa vurugu. Injinia mshauri alikuwa John Rennie, jina kubwa wakati ule, na wakandarasi wake wakaboronga vibaya, mpaka Mei 1805 walikuwa wamemaliza maili 6 tu. Pitt akaingilia, wakandarasi wakafukuzwa, Rennie akajiuzulu, na Brown akakabidhiwa kazi yote chini ya jeshi. Vibarua wakachimba kwa sululu, machepe na matoroli, wanajeshi wakapewa kazi ya kujenga tuta na kupanda majani kwenye kingo. Maji yalikuwa yanajipenyeza kwenye shimo usiku na mchana, pampu hazipumziki. Na malaria. Ndio, malaria Uingereza, wao wakiita homa ya vinamasi, na tambarare ya Romney ilikuwa inaogopwa kwa sababu hiyo mpaka karne ya 19 ilipokuwa inaelekea mwisho. Ukimwambia mtu wa Kilombero kwamba kulikuwa na Waingereza wanatetemeka kwa homa kilomita mia moja na kidogo kutoka London atafikiri unamtania.

Kitu ambacho nakipenda zaidi kwenye huo mfereji ni namna ulivyopinda. Ukiuangalia kwenye ramani ya satelaiti utaona haujanyooka, kila baada ya karibu nusu kilomita una kona ndogo, unakwenda, unavunja, unakwenda tena, na mtu asiyejua atadhani walikuwa wanakwepa mawe au shamba la bwana mkubwa fulani. Hapana, pale kwenye kila kona palitengwa nafasi ya mzinga, ili mzinga uliokaa kwenye kona upige risasi zake kwa urefu wa maji mpaka kona inayofuata, na boti au askari yeyote anayejaribu kuvuka katikati apigwe kwa ubavu. Maji yalikuwa na upana wa kama mita 18, kina karibu mita 3. Udongo wote uliochimbwa ulitupwa upande wa bara ukawa tuta refu, na nyuma ya tuta ikapita barabara ya jeshi ili askari wahamishwe upesi bila adui kuwaona. Vitu vitatu kwa mchimbo mmoja, maji, ukuta na barabara. Cobbett na kejeli zake hilo hakulitaja.

Baada ya hapo serikali ilianza kutafuta namna ya kurudisha hela, ugonjwa wa serikali zote. Sheria ya 1807, ushuru wa boti kuanzia 1810, matishari ya abiria na mizigo kati ya Hythe na Rye, na askari waliowekwa kwenye madaraja kukamata watu wa magendo, maana pwani ile magendo ilikuwa ndio ajira. Biashara haikuwahi kunenepa. Mwaka 1851 reli ya Ashford kwenda Hastings ikapita, ikamaliza mchezo. Mwaka 1877 Wizara ya Vita ikaukodisha sehemu kubwa kwa mabwana wasimamizi wa maji wa Romney Marsh kwa miaka 999, na boti ya mwisho kulipa ushuru ilipita Desemba 1909. Huo mkataba wa 1877 ndio tendo kubwa kabisa la uhifadhi kwenye historia ya mfereji wote, ingawa waliousaini wala hawakuwaza habari za kuhifadhi, walichotaka ni mtaro wa maji. Lakini mtu mwenye kondoo zake chini ya vilima hawezi kuacha mtaro uzibe. Analazimika kusafisha.

Na mfereji usiposafishwa haufanyi kama ngome ya mawe. Ngome ukiiacha miaka mia inabomoka pole pole, ukuta unabaki, watalii wanakuja kupiga picha. Mfereji ukiuacha, tope linapanda, mafunjo yanafunga, miti inaota kwenye kingo na mizizi inapasua tuta, ng'ombe wanakanyaga pembezoni, na ndani ya kizazi kimoja unapata bonde lenye majani ambalo mtu wa kwanza mwenye greda atalisawazisha na hamna atakayelalamika. Hiki ndicho wengi wanaoongelea urithi hawakielewi, wanadhani ukishaweka kibao na sheria umemaliza.

Kisha ikaja 1940, mwaka ambao wacheka-mfereji huwa wanaupita haraka. Hitler akiwa Ufaransa, mpango wake wa kuvamia Uingereza ulihusisha kushusha askari kwenye fukwe zilezile za Romney, na jeshi la Uingereza likarudi kwenye mfereji uleule likajenga vijumba vya zege vya bunduki kando yake. Miaka 131 baadaye ramani ya Brown bado ilikuwa na akili. Vile vijumba vipo mpaka sasa, vingine kondoo wanajikinga mvua ndani yake. Hitler naye hakuja, kwa hiyo mfereji umekosa vita mara mbili.

Sasa Kanada. Rideau Canal ni mnyama mwingine kabisa kwa ukubwa, kilomita 202 kutoka Ottawa mpaka Kingston kwenye Ziwa Ontario. Baada ya vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani, jeshi la Uingereza liligundua kuwa njia yake ya kupeleka silaha na chakula maziwani ni Mto St. Lawrence, na sehemu ndefu ya mto huo ukingo wa pili ni Marekani, yaani adui akiamua kukaa na mizinga anakukata koo. Luteni Kanali John By akapewa kazi 1826, akapitia msituni kwenye mito na maziwa, akajenga mabwawa ya kupandisha maji na malango ya kupandishia boti, akamaliza 1832. Inakadiriwa watu kama 1,000 walifia kwenye kazi hiyo, wengi wao vibarua kutoka Ireland na Wakanada Wafaransa, na sehemu kubwa ya vifo hivyo vilitokana na, ndio, malaria tena. Malaria Ontario! Kiangazi kile cha 1828 kazi ilisimama sehemu nyingine kwa sababu karibu kila mtu alikuwa kitandani. Makaburi mengi ya hao vibarua hayana majina, na ukitaka kujua kipi hakijahifadhiwa vizuri Rideau anzia hapo, mawe ya malango yamepigwa picha kila pembe lakini waliokufa wakiyabeba wamepata misalaba na minara ya kumbukumbu juzijuzi tu, tena mingi kwa juhudi za vyama vya wafanyakazi na watu wa asili ya Ireland.

By mwenyewe alirudishwa Uingereza kuhojiwa kuhusu gharama, zilizopita paundi 800,000, akafa 1836 bila kupongezwa. Kijiji alichokianzisha kwa ajili ya wafanyakazi kikaitwa Bytown, leo ni Ottawa, na Malkia Victoria alipoichagua kuwa makao makuu 1857 sababu mojawapo ilikuwa ileile ya kijeshi, iko mbali na mpaka wa Marekani na mfereji unaifikia.

Vita haikuja. Biashara ilikuja kwa muda mfupi, maana meli zilipita Rideau kukwepa maporomoko ya St. Lawrence, halafu kufikia mwishoni mwa miaka ya 1840 St. Lawrence yenyewe ikapata mifereji yake ya kukwepa maporomoko na meli zikahama. Hapo ndipo penye utamu wa hoja yangu. Mifereji iliyofanikiwa kibiashara ilipanuliwa, ikapanuliwa tena, mawe ya zamani yakavunjwa yakawekwa ya zege, Erie Canal ya New York ni hivyo, Welland ya Kanada ni hivyo, ukitaka kuona kazi ya mafundi wa kwanza inabidi uende kwenye vipande vilivyotelekezwa. Rideau hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipanua. Ikabaki na mawe yaleyale na njia ileile, na mwaka 2007 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia hasa kwa sababu hiyo, kwamba ni mfereji wa enzi ile Amerika ya Kaskazini ambao bado unafanya kazi kwenye njia yake ya asili na sehemu kubwa ya ujenzi wake wa kwanza ipo. Kukosa wateja kumeiokoa. Nenda waambie hivyo watu wa mipango ya uchumi uone watakavyokuangalia.

Malango mengi ya Rideau bado yanafunguliwa kwa mikono. Kijana wa Parks Canada, shirika la serikali linalosimamia hifadhi, na mwenzake wanashika mpini wa chuma, wanazungusha taratibu, mnyororo unapita juu ya jiwe lililochongwa mfereji na miaka ya kusuguliwa, lango la mbao zito kuliko gari linasogea bila kelele nyingi, boti inaingia, lango linafungwa, wanakwenda kufungua vidirisha vya maji huku chini, na boti inapanda kama kopo linaloelea kwenye beseni linalojazwa maji. Miaka ya 1960 na 1970 serikali ilianza kuweka mashine, vituo vitatu vikapata mitambo ya umeme, pale Smiths Falls malango matatu ya zamani yakaachwa pembeni na kujengwa moja jipya. Hayo mengine yakabaki ya mkono. Ukiuliza mtu wa bajeti atakwambia ni upotevu wa mishahara, lakini ukiweka mashine kila mahali hao vijana wanaondoka, na wao ndio wanaoona jiwe limeanza kutoa maji kabla bwawa halijapasuka.

Hii habari ya bajeti si nadharia. Mwaka 2012 serikali ya Kanada ilipokata hela ya Parks Canada, saa za kufungua malango Rideau zikapunguzwa, na wafanyabiashara wa kando ya mfereji wakapiga kelele sana. Upande wa kati wa Ottawa wenyewe una kipande cha kilomita 7.8 ambacho kila baridi kinageuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na watu wetu wengi wa Burundi na Kongo wanaoishi pale wamejifunzia kuanguka hapohapo. Msimu wa 2022 kwenda 2023 hakikufunguliwa hata siku moja, barafu haikuwa nene ya kutosha, mara ya kwanza tangu kianze. Kwa hiyo kazi moja ya mfereji iliyokuwa inawafanya wanasiasa waupende nayo inatetereka.

Kwa haraka tu niutaje na mfereji wa Napoleon mwenyewe, maana wengi hawajui naye alikuwa anachimba. Meli za Uingereza zilikuwa zimeziba bandari ya Brest, akaamuru 1811 uchimbwe mfereji wa ndani kutoka Nantes kwenda Brest, kama kilomita 360, ukakamilika 1842 yeye akiwa ameshakufa miaka 21. Miaka ya 1920 wakajenga bwawa la umeme la Guerlédan katikati yake, mfereji ukakatika vipande viwili, boti haipiti tena mwanzo mpaka mwisho. Leo watu wanaendesha baiskeli kando yake. Panapendeza, sikatai, ila ukishakata maji kwenye mfereji umebakiwa na njia ya baiskeli yenye dimbwi refu pembeni.

Kurudi Kent, adui wa sasa ni bei ya viwanja. Pale Seabrook, kati ya mfereji na bahari kuna eneo linaitwa Princes Parade, na halmashauri ya wilaya iliyo mmiliki wa kipande hicho ndiyo iliyokuja na mpango wa kujenga nyumba 150 na kituo cha michezo humo humo. Historic England, taasisi ya serikali ya urithi wa kale, wakapinga, kwamba kipande kile ndicho mahali ambapo bado unaona uhusiano wa mfereji na bahari, ukijenga nyumba katikati mfereji unageuka kuwa bwawa la nyuma ya uwanja wa mtu. Ruhusa ikatolewa hata hivyo, watu wakapigana miaka, mpaka 2023 baada ya uchaguzi kubadilisha wakubwa wa halmashauri ndio mpango ukafutwa. Umefutwa na wapiga kura. Sheria ya kulinda maeneo ya kale ilikuwepo muda wote na haikuweza kuuzuia, hilo linatakiwa kumnyima usingizi kila mtu anayeamini orodha za urithi.

Magharibi zaidi, kutoka bwawa la West Hythe mpaka Iden, mfereji uko chini ya Environment Agency, idara ya mazingira, na kule hakuna drama yoyote. Wanaujaza kiangazi, wanaushusha kabla ya mvua za baridi, wanakata majani. Vyura wanapiga kelele, tena ni vyura wa kigeni, 12 walioletwa kutoka Hungary 1935 wakatoroka wakazaliana mpaka wakajaa tambarare nzima, ndio wavamizi pekee waliofanikiwa kuukalia huo mfereji. Kipande hicho hakijanusurika kujengewa kwa bahati, wala si kwamba kinapendwa kuliko cha Hythe chenye boti na sherehe za maua. Ukikiziba tu, mashamba ya watu yatazama mwezi Januari, na hilo kila diwani analielewa bila kusomewa historia.

Kwa hiyo hela ningezihamisha. Punguza vibao na maigizo ya makoti mekundu, weka kwenye kuzoa tope, kwenye mbao za malango na mishahara ya watu wa kwenye malango. Na kule Kanada ningewagusa watu ambao hawaguswi kabisa, wenye nyumba za likizo kwenye maziwa ya Rideau. Mabwawa ya By ndiyo yanayoshikilia kimo cha maji mbele ya gati zao kiangazi kizima, bila mabwawa hayo sehemu nyingine kungekuwa na kinamasi, bei ya nyumba zao imesimama juu ya mawe ya 1832, lakini matengenezo yanalipwa na mlipakodi wa Calgary ambaye hata kuuona huo mfereji hajawahi. Tozo ndogo ya maji kwa kila nyumba yenye gati, iende moja kwa moja kwenye malango na mabwawa. Watapiga kelele, najua.